Ile shhh ya tepu itolewe au ibaki? Barua zenu kuhusu Tosca ya 1953

Toleo lililopita niliwaomba kitu kimoja tu, kwamba mwenye simu na bando kidogo aitafute opera ya Tosca, ile iliyorekodiwa Milan 1953 Maria Callas akiimba, asikilize nakala mbili, moja ya sidii za zamani na nyingine ile iliyosafishwa upya 2014, halafu aniandikie kasikia nini. Barua zimekuja nyingi sana jamani, kuanzia Ujiji mpaka Urambo, na nyingine ndefu mno nimezifupisha mnivumilie.

Kwa waliopitwa: Tosca ni kazi ya Giacomo Puccini, ilionyeshwa mara ya kwanza Roma tarehe 14 Januari 1900. Kisa ni cha watu watatu, Tosca ambaye ni mwimbaji, mpenzi wake Cavaradossi ambaye ni mchoraji, na Scarpia mkuu wa polisi anayemtaka Tosca kwa vitisho, na mpaka opera inaisha wote watatu wameshakufa. Rekodi yenyewe ilifanywa Agosti 1953 kwenye jumba la La Scala, kampuni ni EMI, msimamizi Walter Legge, anayeongoza okestra ni Victor de Sabata, Callas ndo Tosca, Giuseppe Di Stefano ndo Cavaradossi, Tito Gobbi ndo Scarpia. Ni mono, yaani sauti yote imepita njia moja, haina kulia na kushoto kama stereo. Haya twende.

Mwalimu wa kwaya, Mwanga, Kigoma

Ndugu mwandishi habari za kazi. Mimi nafundisha kwaya parokiani, nimesikiliza zote mbili usiku kwa hedifoni ya waya watoto wameshalala. Ile ya zamani sauti ya Callas akipanda juu inachoma sikio, okestra iko mbali, besi hamna. Hii mpya besi zimekuja, na ile pumzi anayovuta kabla ya kuanza Vissi d'arte, ule wimbo wa Tosca wa peke yake, naisikia kabisa, hapo nimewapa heshima zao. Ila sasa shhh bado ipo! Mwanzo wa sehemu ya tatu palipo kimya ndo unaisikia vizuri. Nilidhani kusafisha maana yake kelele zinatoka, hizo kompyuta za London zimeshindwa na shhh tu?

*Jibu:* Mwalimu, hazijashindwa, wameiacha, na mimi nawaunga mkono kwa moyo wote. Ngoja nieleze kwa nini maana hili swali limekuja kwenye barua karibu zote.

Tepu ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za oksidi ya chuma, na sauti inaandikwa pale kwa sumaku. Sasa zile chembe hazijakaa sawasawa, zimetawanyika tu, na huo mtawanyiko wenyewe ukipita kwenye kichwa cha mashine unatoa shhh. Kwa hiyo sio uchafu ulioingia baadaye, ilizaliwa siku ileile na sauti ya Callas, mwaka uleule wa 1953. Na inakaa wapi? Inakaa juu kule kule kwenye sauti nyembamba, palepale inapokaa pumzi ya mwimbaji, herufi s anapotamka, ung'avu wa vayolini, na ule mkia wa sauti unaobaki ukumbini baada ya noti kuisha. Kompyuta inaweza kuipunguza shhh, tena siku hizi inaweza kuipunguza mpaka usiisikie, lakini inapoitoa inachukua na hivyo vingine. Wewe unawajua dagaa wetu wanaoanikwa mchangani, ukimsugua dagaa mpaka chembe ya mwisho ya mchanga itoke utabaki na mfupa, nyama umeshaimwaga na maji.

Rudi uisikilize hiyo sehemu ya tatu uliyoitaja. Ni alfajiri Roma, kijana mchungaji anaimba kwa mbali, kengele za makanisa zinaanza moja moja, nyingine karibu nyingine mbali. Puccini hakuzibuni tu zile kengele, alikwenda Roma mwenyewe kusikiliza zinavyolia alfajiri na akaulizia mpaka noti ya kengele kubwa ya Mtakatifu Petro. Kengele ni kitu kinachofifia polepole sana. Ukifuta shhh pale, kengele inakatwa mkia, inalia halafu kimya ghafla, na ukumbi wote unapotea. Nimeshasikia nakala za hivyo mtandaoni, zimesafishwa mpaka zimekufa, mtu anaandika kwa furaha "hakuna kelele kabisa", na kweli hakuna kelele, na mtu pia hakuna.

Kilichofanyika 2014 ni hivi: studio za Abbey Road kule London walirudi kwenye tepu zenyewe za mwanzo badala ya kuchukua zile faili za kompyuta zilizokwisha tengenezwa kwa ajili ya sidii za nyuma, wakazihamisha upya kuwa faili zenye undani kuliko sidii (biti 24 na kilohezi 96), wakashughulikia mitikisiko, tiki tiki, na sehemu tepu zilipounganishwa vibaya. Walifanya hivyo kwa rekodi zote za studio za Callas za 1949 mpaka 1969, zikatoka kwenye boksi moja la sidii 69. Hiyo pumzi uliyoisikia imetokea hapo. Haikuongezwa na mtu, ilikuwepo kwenye tepu muda wote, ila tepu ikinakiliwa, na ile nakala ikanakiliwa tena, kila hatua inaongeza shhh yake na kula sauti nyembamba kidogo, kwa hiyo kadri unavyorudi karibu na tepu ya kwanza ndivyo unavyopata mtu kamili.

Kuhusu kuchoma sikio, mwalimu hapo tugawane. Sehemu ni sidii za zamani, ndiyo. Lakini sehemu ni Callas mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na makali, watu walibishana juu yake akiwa hai na wanabishana mpaka leo. Usitegemee usafishaji wowote umfanye awe laini, akiwa laini huyo sio yeye.

Fundi redio na simu, Ng'ambo, Tabora

Mwangaluka kaka! Mimi nasema wazi, hii ya kusafisha ni biashara, kitu kilekile wanakiuza kila baada ya miaka wanabadilisha jalada tu. Ya zamani ndo yenyewe, sauti iko mbele, haijachezewa. Halafu kama kweli wamesafisha, mbona mwisho wa sehemu ya kwanza pale kwaya inapopanda na kengele sauti zinabanana mpaka zinataka kupasuka, kwenye zote mbili? Nimejaribu sabufa tatu tofauti hapa kwa ofisi, ni hivyohivyo.

*Jibu:* Mwangaluka fundi wangu. La biashara sikukatalii. Rekodi hii imetoka kwenye santuri, ikatoka kwenye sidii, ikatoka tena na tena, na ukiangalia tarehe zenyewe zinajieleza: EMI iliuzwa kwa kampuni ya Universal 2012, sheria za ushindani za Ulaya zikawalazimisha waachie sehemu, ikaenda Warner 2013, na 2014 boksi likawa sokoni. Aliyenunua alitaka hela yake irudi. Lakini biashara kuwa ndani yake hakufanyi kazi iliyofanywa iwe bure, sikio ndo liseme, na sikio langu linasema okestra ya De Sabata kwenye ile mpya ina miguu, zile kodi tatu nzito za Scarpia (kodi ni noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja) zinazofungua opera zinatua chini kabisa, wakati kwenye sidii ya zamani niliyonayo zinaelea.

Sasa hapo mwisho wa sehemu ya kwanza, kwenye Te Deum, ule wimbo wa kanisa wa kumsifu Mungu, ndo umegusa penyewe, na wewe kama fundi hili utalielewa haraka kuliko wote. Pale kuna kwaya nzima, kinanda cha kanisa, kengele, mizinga inayopigwa kwa mbali, okestra yote, na juu yao Gobbi anaimba matamanio yake huku watu wanasali. Vyote hivyo vinapita kwenye njia moja, mono. Tepu ina mwisho wake, ukiisukumia sauti kubwa kuliko inavyobeba inashiba, vilele vya mawimbi vinalala, na kilicholala siku ile ya Agosti 1953 hakikuandikwa popote pengine. Huwezi kukirudisha kwa sababu hakipo. Wanaweza kukipunguzia ukali, kutandaza kidogo, basi. Badilisha sabufa hata kumi fundi wangu itabaki hivyo, na tena naomba ukisikiliza hii zima kabisa hiyo sabufa, tumia spika ya kawaida moja, maana sabufa inavimbisha besi ambazo De Sabata hakuziomba.

Ila nisikilize na jambo moja. Inasimuliwa kwamba De Sabata alimrudisha Gobbi kwenye anachoimba sehemu ya kwanza mara 30, anataka kila neno lipate rangi yake, na kwamba Callas alishikiliwa kama nusu saa kwenye mstari mmoja tu, ule Tosca anaousema baada ya Scarpia kulala chini amekufa, kwamba mbele ya huyu Roma yote ilikuwa inatetemeka. Mwaka uleule De Sabata akaugua moyo, kazi ya kuongoza okestra akaiacha karibu kabisa, na opera nzima ya studio aliyotuachia ni hiyohiyo. Mimi nikifika kwenye Te Deum na ule mbanano wote simtafuti tena fundi mitambo. Namsikiliza mtu anayejenga ukuta wa sauti taratibu bila kukimbia hata hatua moja, na nywele zinasimama, kwenye nakala ya zamani na kwenye mpya.

Mwanafunzi, Kasulu

Kuna sehemu nasikia sauti ndogo ya mwimbaji kabla hajaanza kuimba, sekunde kama moja hivi, halafu ndo anaimba kweli. Simu yangu ina tatizo?

*Jibu:* Simu yako nzima mdogo wangu. Tepu inakaa imevingirishwa, tabaka juu ya tabaka, na ikikaa miaka sumaku ya tabaka lenye sauti kubwa inaambukiza jirani yake lililo kimya. Kwa hiyo mashine inasoma kivuli kwanza halafu sauti yenyewe. Kwenye santuri nako kuna kitu cha namna hiyo, mfereji mmoja unausukuma wa jirani. Wasafishaji wanaweza kufuta vivuli hivyo kimoja kimoja kwa mkono pale palipo kimya, ni kazi ya uvumilivu sana.

Mzee, Ujiji

Mwanangu, mjukuu ndo ananiandikia hapa mimi nasema. Hiyo lugha ya Kitaliano siijui, lakini yule mama alivyokuwa anaivuta ile sauti nikamkumbuka Ummu Kulthumu, tulikuwa tunamsikiliza kwenye redio ya Cairo ujanani. Sasa mimi nauliza ya kwetu. Siti binti Saad sahani zake zikipigwa ni mikwaruzo mitupu, sauti yake naisikia kwa taabu. Hao wazungu wenye mashine hawawezi kumsafisha na yeye akasikika hivi?

*Jibu:* Shikamoo mzee wangu, na mjukuu asante kwa kazi. Umeuliza swali ambalo mimi ningependa liulizwe kila mahali.

Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa kampuni ya HMV. Kampuni hiyo mwaka 1931 iliungana na Columbia, na muungano wao ndo ukaitwa EMI, yaani hiyohiyo iliyokuja kumrekodi Callas Milan. Ni ukoo mmoja mzee wangu, binti wa Fumba na binti wa Kigiriki aliyezaliwa New York wote wamepita mlango huo. Tofauti ni kwamba 1928 tepu hazikuwepo studio. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta, ikatengenezwa mhuri wa chuma, na kwa mhuri zikagongwa sahani zile nyeusi nzito zinazovunjika, upande mmoja unabeba kama dakika 3 tu. Mhuri ukipotea hakuna pa kurudi, kinachobaki ni sahani zilizokuwa majumbani kwa watu, na kila zilipopigwa sindano ya chuma ilikula mfereji kidogo.

Kwa hiyo kumsafisha Siti ni kazi tofauti na Tosca. Kwanza unatafuta sahani iliyo nzima kuliko zote, hata kama ni kuzunguka nyumba kwa nyumba. Unaiosha. Unachagua sindano yenye unene unaokaa sehemu ya mfereji ambayo haijaliwa. Hapo kabla hata kompyuta haijawashwa umeshapata nusu ya kazi. Halafu ile mikwaruzo, tak tak tak, hiyo kompyuta inaiweza vizuri kuliko shhh, kwa sababu kila mmoja ni mfupi sana, inaukata na kuziba tundu kwa kuangalia sauti ya kabla na ya baada. Na tuna bahati moja, kuanzia 1925 hivi walishaanza kutumia maikrofoni za umeme, kwa hiyo Siti hakuwa anapiga kelele kwenye pembe la bati, kuna sauti ya kweli ndani ya zile sahani. Haitafika uwazi wa Callas, ila neno na neno utalisikia.

Tena kuna kitu mashine haikijui. Sahani za zamani hazikuzunguka kwa mwendo uleule kila mara, na ukikosea mwendo kidogo tu mwanamke anakuwa mtoto au anakuwa mwanaume. Anayeweza kusema "hapana, hii imekimbia" ni mtu aliyezijua zile sauti na zile ala, gambusi ilivyokuwa inafungwa, fidla ilivyokuwa inalia. Yaani wazee mnatakiwa mkae studio pembeni ya kijana wa kompyuta, na mtakiwe mapema.

Mwanachuo, Tabora mjini

Kwa nini wasiifanye stereo kabisa? Mbona YouTube kuna moja imeandikwa stereo.

*Jibu:* Ikimbie hiyo. Miaka ya 60 stereo ilipokuwa ndo habari ya mjini makampuni mengi yalichukua rekodi za mono wakazigawa, sauti nyembamba upande huu, nene upande ule, wakaongeza mwangwi, wakaandika stereo kwenye jalada. Ukisikiliza kwa hedifoni kichwa kinauma. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazochambua sauti ya mwimbaji na okestra na kuziweka kila moja pake, na zinazidi kuwa na nguvu, ila sauti zinazotoka bado nasikia zina maji maji na kingo zimeliwa.

Ukitaka stereo ya kweli ipo, Callas aliirudia Tosca Paris, Desemba 1964 na Januari 1965, Georges Prêtre akiongoza, Gobbi tena ndo Scarpia, na Carlo Bergonzi akiwa Cavaradossi. Sauti imetanuka, kila kitu kina nafasi, ila Callas juu kule ameshachoka, noti zinayumba. Sikiliza zote utajua mwenyewe unachagua nini, mimi naenda 1953 bila kusita.

Na mono usiidharau. Haina kulia na kushoto lakini ina karibu na mbali. Sehemu ya pili, Scarpia yuko ofisini kwake anamhoji Cavaradossi, dirisha liko wazi, na kwa mbali Tosca na kwaya wanaimba kwenye sherehe ya malkia. Sauti hizo mbili zinakwenda pamoja, ya kuhojiwa karibu na ya sherehe mbali, mpaka Scarpia anakasirika anafunga dirisha, na uimbaji unakatika. Yote hayo kwa mono. Nakala iliyosafishwa vizuri inakupa umbali huo waziwazi, iliyosafishwa kupita kiasi inaufuta, kwaya ya mbali inaonekana ni kelele nayo inapunguzwa.

Mama wa mgebuka, Kibirizi, Kigoma

Kaka shikamoo. Mimi nasikiliza tu kwa simu nikiwa nasubiri mitumbwi, hedifoni yangu upande mmoja umekufa, na bando linaisha kabla opera haijaisha, nifanyeje. Halafu yule kaka anayeimba mwishoni kabla hawajampiga risasi, nililia jamani hadi watu wananiuliza nimefiwa. Yupo hai? Ni yupi huyo?

*Jibu:* Marahaba mama, na pole kwa machozi, yule anawaliza wengi. Hedifoni usinunue nyingine kwa ajili ya hii: rekodi ni mono, sikio la kulia na la kushoto vinapata kitu kilekile, upande wako mmoja hauna hasara yoyote, ila uwe wa waya, maana Bluetooth inaibana sauti mara ya pili. Bando sasa. Opera nzima haifiki saa 2. Ukiisikiliza kwa njia ya video punguza picha mpaka ndogo kabisa, picha yenyewe ni jalada tu limesimama. Au mtu akushushie mp3 ya kilobiti 128, inakula karibu MB 1 kwa dakika, jumla kama MB 110, unaiweka kwenye memori kadi ukasikiliza mwaka mzima bila bando. Vijana watakwambia lazima faili kubwa la ubora wa sidii, hilo likiwa halijabanwa linapita GB 1, na kwa simu pale ufukweni upepo na injini za mitumbwi zinalia hutasikia tofauti.

Huyo kaka ni Giuseppe Di Stefano, alizaliwa Sicily 1921, na wimbo wenyewe ni E lucevan le stelle, Cavaradossi anamkumbuka Tosca saa yake ya mwisho. Hayupo tena mama, na kisa chake kinaniuma kwa sababu kimetokea huku kwetu Afrika Mashariki. Uzeeni alikuwa na nyumba Diani, pwani ya Kenya, na mwishoni mwa 2004 majambazi walimvamia wakampiga vibaya sana kichwani. Alisafirishwa kurudishwa Italia akiwa mahututi, hakupona tena, akafariki Machi 2008 akiwa na miaka 86. Ile sauti unayoisikia alikuwa na miaka 32. Wataalamu watakwambia alikuwa anaifungua sauti mno akipanda juu na ndo maana haikudumu, na ni kweli, ila sikiliza anavyoipunguza katikati ya wimbo mpaka inakuwa uzi, halafu uniambie kama ungependa aibanie ili idumu. Kwenye nakala ya 2014 ule uzi unaufuata mpaka mwisho wake. Kwa hiyo mama hata kwa sikio moja tafuta hiyo.

Kijana wa studio, Cheyo, Tabora

Bro mambo. Mimi narekodi kwaya na bongofleva, sina hamu na opera kusema ukweli, ila nimesoma toleo lililopita nikapata wazo. Kuna familia hapa ina boksi la tepu za rili, wanasema ni dansi la zamani la Tabora, baba yao alikuwa mwanamuziki. Mashine nimeahidiwa. Naweza kuzisafisha mwenyewe? Naanzia wapi?

*Jibu:* Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Tabora hii ndo ya Kiko Kids na Tabora Jazz, na kazi nyingi za bendi za enzi zile zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu, maiki chache, mono, wapigaji wote chumba kimoja. Kiufundi hazijapishana sana na Tosca tunayoisumbukia hapa. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana, na ufanye, ila usianze na kusafisha.

Kwanza usizipige. Fungua boksi uangalie. Kama kuna ukungu mweupe, au utepe unanata, au unga wa kahawia unabaki kidoleni, acha hapohapo. Mtandaoni utakuta watu wanashauri kuzipasha tepu joto kwenye oveni, hiyo ni kwa aina fulani za miaka ya 70 na 80 zinazonata, tepu za asetati za miaka ya 50 na 60 ukizipasha umezimaliza. Namna ya kujua, inua rili uelekeze kwenye mwanga, asetati inapitisha mwanga ubavuni. Zisimamishe wima, mbali na spika na bati la dari linalochemka mchana, na usizirudishe nyuma haraka haraka, ule mkazo unakata utepe uliozeeka.

Mashine ikija, safisha vichwa vyake kwa spiriti, hakikisha mwendo wake ndo mwendo wa tepu, halafu piga mara moja, taratibu, ukirekodi kwa biti 24 na kilohezi 96 bila ikwalaiza, bila kuondoa shhh, bila chochote. Faili hilo liite mbichi, lihifadhi sehemu mbili tofauti, familia wapewe moja, na lisiguswe. Ukishamaliza acha tepu ikae ilivyoishia, usiirudishe mwanzo, hata vile vivuli vya sauti alivyouliza mwanafunzi wa Kasulu vinapungua kusikika. Baada ya hapo chukua nakala ya faili ndo ujaribu kusafisha, toa mvumo wa umeme ule wa hezi 50, toa tiki tiki, na shhh ipunguze kidogo tu au iache, ukiona matoazi ya dramu yameanza kusikika ya bati ujue umeshapita.

Na muite mtu mzima mmoja aliyekuwa anacheza kwenye kumbi zile akae na wewe siku ya kwanza, atakutajia gitaa la solo ni la nani na kama mwendo umekaa sawa. Mgongoni mwa boksi la tepu huwa kuna jina la aina ya utepe na namba, niandikie hizo kabla hujagusa kitu, nitakujibu kwa barua bila kusubiri toleo.